Jinsi ya Kushona Zipu kwenye Mkoba wa Kitambaa wenye Bitana

Wengi wanaoshona mkoba kwa mara ya kwanza huunganisha pande zake, hushona kitako, hugeuza, na hapo ndipo hukumbuka kwamba mdomo wa mkoba unahitaji zipu. Taabu huanzia hapo, kwa sababu kitu ambacho tayari kimekuwa mfuko hakimpi mshonaji nafasi ya kupitisha mkono wala hakiwezi kulala vizuri chini ya mguu wa cherehani. Zipu ya mkoba hushonwa kwanza kabisa, wakati vitambaa bado ni vipande bapa juu ya meza, na pande za mkoba hufuata baadaye. Atakayeshika utaratibu huo ataona kwamba sehemu ya kushona zipu yenyewe ni mistari minne tu iliyonyooka, na kwamba ugumu halisi upo mahali pengine, yaani kwenye ncha mbili za zipu, pale inapokutana na mishono ya ubavuni.

Mwongozo huu unahusu mkoba mdogo wenye upana wa sentimita 25 na kimo cha takriban sentimita 18 ukishakamilika. Mkoba wenye vipimo vingine hushonwa vivyo hivyo, ila hesabu ya urefu wa zipu itabadilika.

Kuchagua zipu

Zipu hutambulishwa kwa namba, na namba hiyo inakaribiana na upana wa meno yaliyofungwa kwa kipimo cha milimita. Namba 3 ni nyembamba na inafaa pochi ya sarafu au kalamu. Namba 5 ndiyo ya mkoba wa kawaida. Namba 8 na 10 ni za mabegi ya safari na mahema. Kwa mkoba wetu chukua namba 5, kwa sababu zipu nyembamba kwenye mkoba unaofunguliwa mara nyingi kwa siku huchoka upesi, na kichwa chake ni kidogo mno kushikika vizuri.

Kuhusu aina, zipo za chuma, zipo za plastiki yenye meno manene yanayoonekana moja moja, na zipo zile ambazo watu huziita za nailoni, hata pale zinapotengenezwa kwa poliesta. Katika hizi za mwisho, kinachoitwa meno ni uzi mmoja mgumu uliozungushwa kama springi na kushonewa pembeni mwa utepe. Anayejifunza achague hizi. Zinakatika kwa mkasi wa kawaida, zinapinda bila kinyongo, na sindano ya cherehani ikizigonga kwa bahati mbaya hupenya bila madhara makubwa. Sindano ikigonga jino la chuma huvunjika, na kipande chake kinaweza kuruka usoni.

Nunua zipu iliyo ndefu kuliko mdomo wa mkoba. Kwa vipimo vyetu zipu ya sentimita 30 inatosha, nasi tutaikata ifikie 25. Wapo wanaohangaika kutafuta zipu yenye urefu uleule wa mkoba, lakini zipu ya namna hiyo huwa na vizuizi vya chuma kwenye ncha zake, navyo huangukia mahali hasa ambapo mshono wa ubavuni unatakiwa kupita.

Vitambaa na vifaa

Kata vipande viwili vya kitambaa cha nje, kila kimoja upana wa sentimita 27 na kimo cha sentimita 20, kisha kata vipande viwili vya bitana vya vipimo hivyohivyo. Sentimita mbili zilizoongezwa kwenye upana ni nafasi ya mshono, moja kila ubavu. Kata pia vipande vinne vidogo vya kitambaa cha nje, kila kimoja sentimita 4 kwa 4, ambavyo vitakuwa vifuniko vya ncha za zipu. Ikiwa kitambaa cha nje ni chepesi kama pamba ya gauni, kibandike mgongoni kitambaa cha kuimarishia chenye gundi kwa kutumia pasi; turubai au jinzi haihitaji msaada huo.

Vifaa vingine ni uzi wa poliesta, pini au vibanio, sindano ya mkono, chaki, pasi, mkasi, na mguu wa cherehani wa kushonea zipu, ule mwembamba wenye upande mmoja tu, unaoruhusu sindano kushuka karibu na meno bila mguu kuyapanda. Cherehani nyingi huuzwa nao, ingawa mara nyingi hubaki kwenye droo bila kuguswa. Sindano ya namba 90 inatosha kwa pamba, na namba 100 inafaa kwa turubai na jinzi. Urefu wa mshono uwe milimita 2.5 hadi 3.

Katika maelezo yafuatayo, uso wa kitambaa ni upande unaokusudiwa kuonekana, na mgongo ni upande wa pili. Uso wa zipu ni ule wenye kishikio cha kuvutia.

Kuandaa ncha za zipu

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha mkoba ulionyooka pembe na mkoba ambao pembe zake za juu zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Zipu ikiingizwa nzima hadi ndani ya mshono wa ubavuni, mahali pale panakuwa na meno, tepe mbili, kitambaa cha nje na bitana, vyote vimekunjwa mara mbili. Hakuna pasi itakayolaza rundo hilo. Dawa yake ni kuikomesha zipu kabla haijafika kwenye mshono, na kuirefusha kwa kitambaa cha kawaida, ambacho ni chembamba.

Vuta kichwa cha zipu hadi katikati, ili kisije kikachomoka ukikata. Pima sentimita 25 za zipu kwa kuepuka vizuizi vya chuma vya ncha zote mbili, na utie alama kwa chaki. Ndani kidogo ya kila alama, piga kwa mkono mishono minne au mitano ya kuvuka meno, uzi ukazwe. Upande ule ambao zipu iko wazi, hakikisha kwanza tepe mbili zimekutana sawasawa bila kuachana wala kupandana, kisha ndipo uzishone pamoja. Baada ya hapo kata kwenye alama.

Chukua vifuniko viwili. Kimoja kilaze chini ya ncha ya zipu, uso wake ukitazama juu. Kingine kiweke juu ya zipu, uso ukitazama chini. Kingo zote tatu zilingane na ncha iliyokatwa. Shona kwa kuvuka zipu sentimita 1 kutoka ukingoni, ukizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono sindano inapofika kwenye meno. Sasa chukua mkasi upunguze ncha hiyo hadi ibaki nusu sentimita tu nje ya mshono. Fungua vifuniko vyote viwili vielekee nje, mbali na zipu, vipige pasi ya joto la wastani, kisha pitisha mshono mwingine juu yake, milimita 2 kutoka kwenye mkunjo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Ukimaliza utakuwa na zipu inayoonekana kwa sentimita 23, na kila upande kuna kitambaa cha sentimita 3. Kunja zipu katikati ya zile sentimita 23 upate kitovu chake, pima sentimita 13.5 kila upande kutoka hapo, na ukate ziada, ili jumla iwe sentimita 27, sawa na upana wa vitambaa. Kitambaa kilichozidi upana wa utepe nacho kikatwe kifuate mstari wa zipu. Hesabu inakwenda hivi: mshono wa ubavuni utachukua sentimita 1 ya kila kifuniko, sentimita 1 itabaki ikionekana, na meno ya zipu yatakuwa yamekoma nusu sentimita kabla ya mshono. Pasi isikanyage meno wakati wote huu, kwani joto kali huyayeyusha, na jino moja lililoyeyuka linatosha kukwamisha kichwa.

Kushona upande wa kwanza

Tandaza kipande kimoja cha kitambaa cha nje mezani, uso ukitazama juu. Weka zipu kwenye ukingo wake wa juu, uso wa zipu ukitazama chini, yaani zipu na kitambaa vitazamane. Juu yake laza kipande cha bitana, uso ukitazama chini. Zipu sasa iko katikati, haionekani, na kingo tatu zimelingana: ya kitambaa cha nje, ya utepe wa zipu na ya bitana. Kabla ya kuendelea, funua bitana kidogo uone kishikio cha zipu kiko upande gani. Kikiwa kinakutazama wewe, zipu imewekwa kinyume, na mkoba ukigeuzwa kishikio kitakuwa ndani.

Pini zinaweza kushikilia matabaka haya, lakini nashauri kupiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya sentimita 1 au zaidi, nusu sentimita kutoka ukingoni. Sababu yake ni hii: meno ya chuma yaliyo chini ya mguu wa cherehani husogeza tabaka la chini kwa kasi kuliko tabaka la juu, na kwa kuwa utepe wa zipu unateleza, tofauti hiyo ndogo hujikusanya mpaka mwisho wa mstari, ndipo unaona bitana imezidi kwa milimita kadhaa na zipu ina mawimbi. Dakika tano za bandi ni nafuu kuliko nusu saa ya kufumua.

Funga mguu wa zipu, uelekeze upande ambao sindano itashuka mbali na meno, na ushone milimita 7 kutoka ukingoni. Kipimo hiki si cha kubahatisha. Ukikaribia meno kwa milimita 1 au 2, kichwa cha zipu kitakuwa kinauma kitambaa kila kinapopita. Ukikaa mbali sana, utepe utaonekana wote na mshono utakuwa umeshika kingo ambazo ni rahisi kuchanika. Anza na umalize kwa kurudisha mshono nyuma mara mbili.

Utakapokaribia kichwa cha zipu, mstari utaanza kupinda wenyewe, kwa sababu kichwa ni kinene na kinausukuma mguu pembeni. Usijaribu kukizunguka. Simama sentimita 3 kabla yake, shusha sindano iwe ndani ya kitambaa, inua mguu, ingiza vidole kati ya matabaka na ukivute kichwa hadi kwenye sehemu ambayo umeshaishona. Teremsha mguu uendelee. Sindano ikiwa imeshuka, kitambaa hakitahama, na kwenye mshono hakutaonekana dalili kwamba ulisimama.

Fungua vitambaa, kila kimoja kielekee upande wake kikiacha zipu wazi, mgongo kwa mgongo. Piga pasi kutoka kwenye mshono kwenda nje. Kisha shona mshono wa juu kwenye uso wa kitambaa cha nje, milimita 3 kutoka kwenye mkunjo, ukiwa umeivuta bitana vizuri chini yake ili isiachie mkunjo wowote karibu na meno. Mshono huu una faida mbili, urembo na ulinzi, na kwa maoni yangu wa pili ndio muhimu: mkoba usio nao, bitana yake hulegea na kuingia kwenye zipu baada ya muda mfupi.

Upande wa pili

Utaratibu ni uleule, ila sasa kuna kitu kikubwa zaidi cha kushika. Laza kipande cha pili cha kitambaa cha nje, uso juu. Chukua kile ulichokwisha kushona, ukilaze juu yake, vitambaa vya nje vitazamane uso kwa uso na ukingo huru wa zipu ulingane na ukingo wa kipande kipya. Malizia na bitana ya pili, uso ukitazama chini. Kwa kifupi, cha nje hukutana na cha nje, na bitana hukutana na bitana. Hakikisha kingo za ubavuni za vipande vyote viwili ziko kwenye mstari mmoja, kwani upande wa pili ukihama hata nusu sentimita, mkoba utakaa mshazari na hakuna namna ya kuurekebisha baadaye. Piga bandi, shona, piga pasi, pitisha mshono wa juu. Mishono yote miwili ya juu ianzie kwenye ncha ileile ya zipu. Mmoja ukienda na mwingine ukirudi, zipu hujivuta kwa pande zinazopingana na kujisokota.

Fungua na ufunge zipu mara kadhaa. Kichwa kipite bila kusita. Kama kinasita, huu ndio wakati wa kufumua, maana baada ya hatua inayofuata hutaifikia tena sehemu hiyo kwa urahisi.

Kufunga mkoba

Fungua zipu hadi zaidi ya nusu. Nimewahi kusahau sentensi hii fupi, nikashona mkoba wote zipu ikiwa imefungwa, kisha nikatumia karibu robo saa nikivuta kichwa kwa ncha za vidole kupitia tundu la bitana, nikiwa sikioni. Kitambaa cha nje hugeuzwa kwa kupita kwenye mdomo wa zipu, na mdomo uliofungwa haupitishi kitu.

Sasa panga vipande vya nje uso kwa uso upande mmoja, na vya bitana uso kwa uso upande wa pili, zipu ikiwa katikati. Kwenye ubavu, vifuniko vya ncha vikunjwe katikati na meno yaelekee upande wa bitana. Shona kuzunguka pande zote, sentimita 1 kutoka ukingoni, lakini acha tundu la sentimita 12 kwenye kitako cha bitana. Unapovuka vifuniko, nenda polepole, na mguu ukikataa kupanda usukume kwa gurudumu la mkono. Mshono upite kwenye kitambaa cha kifuniko peke yake; ukisikia sindano ikigonga kitu kigumu, meno yameingia, na ni heri kusimama.

Anayetaka mkoba usimame wenyewe abane pembe za chini kabla ya kugeuza, mshono wa ubavu ukutane na mshono wa kitako, ashone kwa kukatiza pembe mahali ambapo upana wake ni sentimita 4, kisha akate kilichozidi akiacha sentimita 1. Pembe za bitana zifanywe vivyo hivyo, la sivyo bitana itabaki ndefu kuliko mkoba na kujikunja ndani. Ajue kwamba kimo kitapungua kwa sentimita 2. Asiyetaka kitako cha namna hiyo apunguze tu ncha za pembe kwa mkasi bila kugusa mshono.

Geuza mkoba kupitia tundu la bitana, kisha kupitia zipu. Sukuma pembe kwa kijiti butu, si kwa ncha ya mkasi. Funga tundu la bitana kwa mshono wa mkono au wa cherehani karibu kabisa na ukingo, na uirudishe bitana ndani.

Kwa asiye na cherehani

Kazi hii yote inawezekana kwa mkono. Tumia uzi mara mbili na mshono wa kurudi nyuma, kila hatua milimita 2 hadi 3, na uvute uzi ukaze bila kukunja kitambaa. Mpangilio wa matabaka haubadiliki. Mshonaji wa mkono ana faida moja, nayo ni kwamba matabaka hayasogezwi na chochote, hivyo mawimbi ni nadra. Mshono wa juu ndio unaohitaji subira, kwa kuwa hatua zisizolingana huonekana waziwazi.

Yanayoharibika na namna ya kuyatengeneza

Kichwa kikichomoka wakati wa kukata, kitazame kwa karibu. Upande mmoja kina midomo miwili, upande wa pili mmoja, na ndani yake njia zina umbo la herufi Y, kanuni ambayo haijabadilika tangu zipu ya Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1917. Ingiza ncha za tepe mbili kwenye midomo miwili kwa wakati mmoja, zikiwa sawa, kisha vuta kichwa kusonga mbele. Meno yatatokea nyuma yake yakiwa yameshikana. Upande mmoja ukitangulia hata kwa jino moja, zipu itavimba, nawe utarudia.

Zipu inayofunga kisha ikaachia nyuma ya kichwa kwa kawaida haina ubaya wa meno. Kichwa kimepanuka kwa kutumika, na bamba zake mbili hazibani tena. Shika pembe moja ya nyuma ya kichwa kwa koleo ndogo, ubane kidogo sana, hamia pembe ya pili, ujaribu, urudie ikibidi. Ukibana kwa nguvu mara moja, kichwa hukwama au huvunjika.

Inayopita kwa kusuasua ilhali ni mpya, sugua meno yake kwa kipande cha mshumaa au sabuni kavu, uvute kichwa huku na huku mara kumi, kisha ufute ziada kwa kitambaa kikavu ili isichafue bitana.